Vema za Ijumaa

Kuna mitaa ambayo mvua ya kwanza ikipiga tu, watu wanabeba magodoro kichwani. Mtaa huu haukuwa hivyo, na wenyewe walijua, na walijisifu mpaka wageni wakachoka kuwasikiliza. Nyumba zilikuwa ishirini na nne, safu mbili zinazotazamana, tangi moja la maji mwisho wa barabara, na mtaro wa saruji uliozizunguka nyumba zote kwa nyuma kama mkanda wa suruali. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha mtaro, hatua kumi na mbili, na ole wake ambaye majani yake yangekutwa kwa jirani.

Umoja wa wakazi ulikuwa na kazi nne kwa mwaka. Kabla ya mvua, kuzibua mtaro na kusafisha mifereji ya mapaa. Mvua zikiisha, kuziba nyufa na kupaka chokaa. Kiangazi, kuosha tangi. Upepo ukianza, kupunguza matawi yanayogusa nyaya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, Mwenyekiti alipenda kusema, na kwa kuwa mama huyo alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini, aliweza kukuambia na idadi ya matofali.

Lakini tuseme ukweli, Umoja uliendeshwa na daftari, na daftari lilikuwa la Katibu. Alikuwa karani wa mahakama mstaafu, mwembamba, miwani ikimteleza puani. Jumamosi ya kazi, saa moja asubuhi, alisimama langoni akaita namba za nyumba. Aliyejibu aliwekewa ile alama ya kupatia, ambayo tangu shuleni tunaiita vema. Mtu mzima na ndevu zake alikuwa akichungulia daftari ahakikishe amepata vema yake. Ndiyo maana mzee wa watu akabatizwa Mzee Vema, na jina likamkaa.

Tatizo la kuita namba ishirini na nne ni kwamba watu wana midomo. Namba tano lazima atoe udhuru, namba nane lazima amtanie namba tano, na kabla hujafika namba kumi jua limeshapanda. Mzee Vema akabuni njia. Kila Ijumaa alasiri kabla ya kazi, akiwa mezani kwake na kikombe cha chai, alichukua kalamu ya kijani ya mkewe, aliyekuwa mwalimu wa chekechea, akawawekea vema mapema wale aliowaita watu wa uhakika. Walikuwa tisa, hawajakosa hata siku moja. Jumamosi akawa anaita wale kumi na watano wa mashaka peke yao, na kuwawekea vema kwa kalamu nyeusi iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari ili isiibwe. Walegevu waitwe, waaminifu waachwe wafanye kazi. Nani angeona ubaya hapo?

Aliyeuona ni Bibi Nipo peke yake.

Bibi Nipo alikuwa mjane wa namba kumi na tisa, mfupi, mgongo umepinda kidogo, na mkononi beleshi lenye mpini uliong'aa kwa kushikwa. Zamani Katibu alipoita kumi na tisa, bibi alijibu kwa sauti ya kuamsha wafu, "Nipo, na beleshi langu lipo!" Watu wote walicheka, kila mara, kana kwamba ni mara ya kwanza. Alipoona haitwi tena alimfuata Katibu.

"Katibu, mbona siku hizi huniiti?"

"Bibi yangu, wewe wa kuitwa kweli? Wewe ni wa uhakika."

"Mh! Hata jua ni la uhakika, mwanangu, lakini watu hulichungulia dirishani."

Katibu alicheka, na hakubadilisha kitu. Bibi naye akawa anajibu bila kuitwa. Katibu akishamaliza kumi na nane, kabla hajavuta pumzi ya kusema ishirini, sauti ilitoka nyuma ya watu, "Nipo, na beleshi langu lipo!" Ndiyo mambo yalivyokwenda kwa misimu mingi.

Sasa ile Jumamosi ya mwaka jana, mtaro wa kabla ya mvua. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika na watu walikuwa na haraka. Mzee Vema akaita wa mashaka wake. Akafika kumi na nane, ambaye ni Fundi Redio, akatua kidogo kwa mazoea. Hapakutoka sauti. Lakini kutoka upande wa nyuma wa namba kumi na tisa ikaja mikwaruzo ya beleshi juu ya saruji, kwaruu, kwaruu.

"Bibi Nipo keshaanza!" mtu akasema, na watu wakacheka.

"Na ninyi igeni mfano," akasema Mzee Vema, akaita ishirini.

Kila mtu akaenda kwenye kipande chake. Fundi Redio akafungulia redio yake mpaka mwisho, kama desturi yake. Mchana Mwenyekiti alipita kukagua, akakuta hatua kumi na mbili za namba kumi na tisa ni safi, maana bibi alizoea kuzisafisha kidogo kidogo wiki nzima. Akasema safi kama kawaida, akaendelea na safari yake. Mwisho wa siku daftari lilikuwa na vema ishirini na nne, na Mwenyekiti alipeana mkono na Katibu.

Jioni hiyo, jua halijazama, simu ya Katibu ikalia. Alikuwa binti wa Bibi Nipo, mtengeneza miwani, aliyekaa mji wa mbali. Mama hapokei simu tangu jana, alisema, ana wasiwasi.

"Ondoa shaka, mwanangu," Mzee Vema akamwambia. "Mama yako mzima. Leo alikuwa mtaroni, nimemwekea vema mimi mwenyewe. Simu itakuwa imeisha chaji tu."

Binti alishukuru mpaka akakaribia kulia. Mzee Vema alikata simu akajisikia mtu mwema.

Jumanne Fundi Redio alikwenda kurudisha ungo. Akapiga hodi mara tatu kama adabu inavyotaka, akaondoka. Alasiri akarudi, akapiga tatu nyingine, na safari hii alinusa kitu. Wakaitwa Mwenyekiti na Katibu, mlango ukavunjwa. Bibi Nipo alikuwa amelala sakafuni jikoni, karibu na mlango wa nyuma, nyonga imevunjika, jagi la maji tupu pembeni, beleshi chini ya mkono wake.

"Maskini," Mwenyekiti alisema huku analia, "amekufa na beleshi mkononi. Mchapa kazi mpaka mwisho."

Mzee Vema alichuchumaa kando ya bibi. Mtu aliyesoma ushahidi mahakamani miaka yote ile macho yake hayastaafu. Aliiona saruji. Palipofika mkono wa bibi palikuwa na michirizi myeupe, mingi, imepandana, mingine ya nguvu na mingine hafifu, ya mtu aliyekwangua, akapumzika, akakwangua tena. Akaelewa pale pale. Bibi hakuwahi kwenda mtaroni. Alianguka Ijumaa, na Jumamosi asubuhi, aliposikia namba zinaitwa langoni, aliitika kwa njia pekee iliyombakia. Nao wakacheka.

Daktari aliuliza mara ya mwisho alionekana lini, maana mwili ulikuwa umeshakaa siku na ilikuwa vigumu kujua. Daftari likaletwa. Jumamosi, namba kumi na tisa, vema. Basi alianguka Jumapili, daktari akasema, na huenda hakuteseka. Mzee Vema alifungua mdomo aseme, kikatoka kikohozi. Akaufunga.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya yake yalikataa hata kukauka. Binti alikuja kuzika, na siku ya tatu akamshika Mzee Vema mikono yote miwili mbele za watu. "Mzee wangu, neno lako lile la Jumamosi ndilo linalonishikilia. Bila hilo ningesema nilimwacha mama yangu afe peke yake huku nimekaa." Halafu, jamani, hakuondoka. Alihamia namba kumi na tisa, akaweka meza yake ya miwani barazani, na mteja wake wa kwanza akawa Mzee Vema, ambaye alikaziwa skrubu za miwani mpaka ikaacha kuteleza. Mtaa ukamwita binti huyo Fundi Miwani. Michirizi ile ya jikoni alidhani ni ya kukokota jiko, akatandika mkeka juu yake.

Mvua zikaisha, ikaja Jumamosi ya chokaa. Mzee Vema alikuwa ameweka vema zake za Ijumaa kama kawaida, maana angeacha ghafla watu wangeuliza kwa nini. Akaita wa mashaka, akafika kumi na nane, akatua.

"Nipo," sauti ikasema nyuma ya watu. "Na beleshi langu lipo."

Haikuwa ya kuamsha wafu. Ilikuwa ya mtu mwenye kiu. Mzee Vema alitazama nyuso moja moja, ya Fundi Miwani ikiwemo, na hakuna aliyeshtuka. Fundi Redio alikuwa anapiga mwayo. Akaita ishirini, ulimi ukamkwama akasema ishirini mara mbili, watu wakamtania kwamba uzee umebisha hodi.

Siku ya kuosha tangi sauti ilimjibu tena. Siku ya kukata matawi hakukuwa na sauti, bali mikwaruzo tu, kwaruu, kimya, kwaruu, wakati hakuna hata mtu mmoja aliyeshika beleshi. Akawa anaogopa hata jikoni kwake. Mkewe akikwangua ukoko, mzee anaruka kitini.

"Mama watoto, acha kukwangua!"

"Sufuria haijioshi kwa kutazamwa, baba watoto. Kama inakukera, njoo uoshe wewe."

Mwaka ukazunguka. Mawingu yakaanza tena kukusanyika, na Mwenyekiti akabandika tangazo la mtaro langoni. Alhamisi yake Fundi Miwani akamsimamisha Mzee Vema njiani.

"Mzee wangu, nina ombi. Ule ukurasa wa daftari, wa Jumamosi ile. Nataka niuweke kwenye fremu pale sebuleni. Ndiyo siku ya mwisho ya mama yangu, na hapo pameandikwa kwamba alikuwepo. Sina kitu kingine kinachosema hivyo."

"Ukurasa?" Mzee Vema akasema, kama mtu asiyejua neno lenyewe.

"Kama Umoja unakataa, nitaelewa."

"Hapana. Nitakuletea kesho."

Alifika nyumbani akafungua daftari. Vema tisa za kijani, vema kumi na tano nyeusi, na ya namba kumi na tisa kijani kibichi kama jani. Mwanamke yule kazi yake ilikuwa kutazama vitu kwa karibu. Siku moja angesimama mbele ya ile fremu na kujiuliza kwa nini mama yake ana rangi ya peke yake.

Basi Ijumaa adhuhuri, mkewe akiwa sokoni, Mzee Vema alifanya jambo ambalo pale mahakamani kwake watu walifungwa kwa kulifanya. Alichukua karatasi tupu ya daftari hilo hilo, akaikata vizuri kwa wembe, akapiga mistari, akaandika tarehe ya mwaka jana, na akaanza kunakili vema zote kwa kalamu nyeusi. Namba moja. Namba mbili. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, haukutetemeka. Namba kumi na saba. Namba kumi na nane.

Kwaruu.

Ilitoka chini ya meza. Aliinama akatazama, akaona ndala zake mwenyewe. Aliposogeza kalamu kwenye kumi na tisa ikaja tena, taratibu, karibu na miguu yake. Kwaruu. Ikapumzika. Ikapumzika kwa muda mrefu hadi akadhani imekwisha, halafu ikaja dhaifu zaidi, kwaru. Kalamu ikamteleza, ikaburura mstari mpaka ukingoni mwa karatasi. Mzee Vema akaweka kichwa juu ya daftari akalia kwa sauti, na mkewe alipoingia na kikapu chake alimkuta hivyo hivyo.

"Kulikoni? Nani amekufa?"

Akamwambia. Kijani, nyeusi, simu, michirizi, yote. Mkewe alikaa na kikapu mapajani asiweze kukitua.

"Kwa hiyo mwaka mzima nimelala na hili kitandani kwangu," alisema hatimaye. "Na kalamu ni yangu."

"Nikimwambia atanichukia."

"Atakuchukia, ndiyo. Ni haki yake. Umemnyima mama, unataka umnyime na chuki?" Akainuka, akachukua ile nakala akaichana mara nne. "Haya, vaa viatu. Mkweli hatembei na ndala."

Fundi Miwani alikuwa barazani, ameinamia kioo na bisibisi ndogo kama sindano. Alimkaribisha, akafuta mikono, akapokea daftari kwa heshima kama mtu anayepokea mtoto. Akalifungua alipoonyeshwa. Mzee Vema alikuwa ameandaa maneno njia nzima, lakini hakuwahi kuyatumia.

"Kuna kalamu mbili hapa," alisema Fundi Miwani.

"Ndiyo."

"Mama yangu na wengine wanane."

"Nyeusi ni ya Jumamosi, mwanangu. Kijani ni ya Ijumaa. Wale niliowaamini niliwawekea Ijumaa, nyumbani kwangu, na Jumamosi siwaiti. Mama yako sikumwita. Sikumwona. Nilipokuambia nimemwekea vema mimi mwenyewe, hilo lilikuwa kweli. Kwamba alikuwa mtaroni sikulijua."

Fundi Miwani hakunyanyua macho. Kidole chake kilikuwa juu ya vema ya kijani.

"Nilikuwa stendi, mzee," alisema. "Ulipopokea simu nilikuwa nimesimama mlangoni mwa basi la jioni, tiketi mkononi. Ningefika Jumapili asubuhi. Ukaniambia mama mzima. Nikarudi nyumbani, nikapika, nikala, nikalala fofofo."

Mzee Vema alihisi baraza linazama. Angeweza kuishia hapo. Mtu yeyote angeishia hapo.

"Kuna jingine," alisema. "Ile michirizi chini ya mkeka, jikoni. Siyo ya jiko."

Akamwambia na hilo. Akamwambia kwamba waliisikia, wote, na kwamba walicheka. Fundi Miwani alisimama, akaingia ndani na daftari, na ikasikika sauti ya mkeka ukivutwa. Mzee Vema alisubiri mpaka miguu ikamuuma.

"Nenda zako, mzee," sauti ilisema kutoka jikoni. Haikuwa na hasira, na hilo lilimtisha zaidi.

Jumamosi asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya mapaa. Watu walisimama langoni na majembe na mabeleshi, wakimsubiri Mzee Vema, ambaye alikuja mikono mitupu.

"Daftari liko wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Liko namba kumi na tisa. Na mimi si Katibu tena, lakini nisikilizeni kwanza."

Aliwaambia kwa maneno machache, akisimama palepale aliposimama mwaka jana. Alipofika kwenye mikwaruzo, Fundi Redio alikaa chini juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. "Mimi ndiye niliyesema keshaanza," alisema. "Mungu wangu, ni mimi. Halafu nikafungulia redio." Mwanamke wa namba nane akaanza kulia. Namba tano, mwenye udhuru kila siku, alivua kofia.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi nilikagua mtaro na sikukagua mtu," alisema. "Kuhusu ukatibu tutazungumza baadaye. Leo ita. Wote ishirini na nne. Na usoni, siyo kwenye karatasi."

Basi akaita bila daftari. Namba moja, akamtazama, akajibiwa. Namba mbili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi watu wa uhakika kusikia namba zao, na walijibu kwa aibu kidogo, kama wanafunzi wapya. Hakuna aliyetania. Kumi na saba. Kumi na nane. Mzee Vema akafunga macho, akasubiri ile sauti ya kiu nyuma ya watu.

"Namba kumi na tisa," akasema, kwa sauti kubwa.

Haikuja. Aliita mara ya pili. Palikuwa na upepo tu, na bati moja likigongagonga mahali. Mwaka mzima alikuwa ameiogopa sauti ile, na sasa kutokuwepo kwake kulimkausha mate. Fundi Miwani alikuwa ameambiwa jana jambo ambalo si la kuambiwa mtu, akaachwa peke yake nalo usiku kucha. Mzee Vema akaanza kutembea, halafu akaongeza hatua, na watu wote wakamfuata na zana zao.

"Hodi!" akabisha mlango wa mbele. Kimya. "Hodi hapa!" Kimya. "Hodi, mwanangu!"

"Tatu zimetosha, mzee," Fundi Redio akasema kwa upole. "Labda hataki kutuona. Tumpe nafasi."

"Hata mwaka jana tulikuwa na adabu," Mzee Vema akamjibu. Akagonga kwa ngumi, hodi ya nne, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu ujana wake. "Hodi! Siondoki! Itika!"

Ndipo ikaja. Kutoka nyuma ya nyumba, juu ya saruji, taratibu.

Kwaruu. Kwaruu.

Safari hii wote waliisikia. Mwanamke wa namba nane alimshika Mwenyekiti mkono. Hapakuwa na aliyesema keshaanza. Mzee Vema alizunguka nyumba mbio, na miaka yake sabini na viatu vyake vya kuombea radhi, akausukuma mlango wa jikoni kwa bega. Haukuwa umefungwa.

Fundi Miwani alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, nguo zile zile za jana. Mkeka ulikuwa umekunjwa pembeni. Daftari lilikuwa wazi kwenye saruji karibu na goti lake, na beleshi la mama yake mkononi, ncha yake juu ya michirizi. Alikuwa hai, mzima, macho mekundu. Aliwatazama watu waliojazana mlangoni, halafu akamtazama Mzee Vema peke yake.

"Nje inasikika?" aliuliza.

"Inasikika, mwanangu."

"Mpaka langoni?"

Mzee Vema alitamani uongo mmoja tu, mdogo, wa mwisho. "Mpaka langoni."

"Na siku ile?"

"Na siku ile ilisikika."

Fundi Miwani alitikisa kichwa kama mtu aliyemaliza hesabu ndefu. Akaliweka beleshi chini polepole, akausukuma ule ukurasa mbele ya mzee.

"Basi andika," alisema. "Halafu nitauweka kwenye fremu."

Uzi wa kalamu ulikuwa mfupi. Ilimbidi apige magoti juu ya ile saruji, kando yake, ndipo kalamu ifike. Mwandiko haukuwa mzuri. Alipomaliza alitaka kulifunga daftari, lakini Fundi Miwani aliweka kiganja juu yake.

"Soma. Kwa sauti, wasikie."

Mzee Vema akasukuma miwani yake puani, ingawa haikuwa imeteleza, akasoma.

"Namba kumi na tisa. Alikuwepo. Aliita. Hatukwenda."